Nakusindikiza Mpaka Malaba Tu

Habari ilikuwa imekaa mdomoni mwa Shiko tangu Jumanne, na kufika Jumamosi alikuwa anaongea midomo nusu imefungwa, kama mtu amebeba peremende kwa shavu. Kakake Lewis ndiye aliyempigia kutoka Tororo, Uganda. Mtoto amezaliwa, ni msichana, mamake yuko sawa, na jina ni Wachuka.

"Wachuka! Wachuka wa mum!" Shiko alipiga nduru mpaka Sue, rafiki yake anayekaa naye nyumba moja pale Section 58, Nakuru, akatoka bafuni na povu kichwani akidhani kuna nyoka.

"Mwambie mum ni msichana, lakini jina usimwambie," Lewis akasema. "Mdomo wako naujua. Nataka akuje juu ya mtoto, si juu ya jina. Ukimwambia jina atakuja mbio, na mimi sitawahi kujua amekuja juu ya nini."

Shiko akaapa. Halafu akajitupa kitandani, akaangalia dari mpaka dari ikaanza kusonga.

Kwao ni hivyo: msichana wa kwanza wa mwanamume huchukua jina la mama ya huyo mwanamume. Na watu hawasemi mtoto amepewa jina, wanasema nyanya amezaliwa. Kwa hivyo Wachuka alikuwa amezaliwa Tororo, na Wachuka huyohuyo alikuwa Molo, amejifunga leso kichwani, anachagua viazi vya mbegu, na hajui kwamba ako mahali pawili. Kila Shiko akilifikiria hilo jambo alihisi kama mtu amemzungusha kwa kiti cha ofisi.

Shida ilikuwa moja. Lewis alienda Tororo kufunga sola, akampata Athieno, wakaanza kukaa pamoja bila hata mzee mmoja wa Molo kuitwa. Mama alisikia hiyo maneno kwa watu. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya akina mama wa kanisa, akasema mguu wake hautakanyaga Uganda, na akina mama wakajibu "Amen" kabla hawajafikiria. Sasa neno limeshasemwa na watu wamelisikia. Utalirudisha aje?

Lakini Shiko alikuwa na gari. Demio ya blue, imetumika na mtu mwingine mbele yake, lakini logbook ina jina lake, kadi ya bima ya kuvukia iko ndani ya begi, na Jumamosi hiyo angeiendesha yeye mwenyewe mpaka nje ya Kenya. Hajawahi kutoka Kenya. Tangu shule ya msingi alikuwa akiangalia ile mistari kwa ramani, akiamini ukifika hapo kuna kitu. Udongo unageuka rangi. Hewa ina ladha ingine. Tumbo linaruka kama uko kwa bembea. Alikuwa amepanga kufungua dirisha na kutoa mkono nje, ndio mkono uwe wa kwanza kuingia.

Alipopitia Molo kuaga, alimkuta mama amesimama kwa geti na sweta mbili, moja juu ya ingine.

"Nitakusindikiza," mama akasema.

"Mpaka barabarani?"

"Mpaka border. Hiyo barabara yote na hizo lorry zote, msichana peke yake? Hapo Malaba nashuka, nachukua matatu, narudi."

Molo nzima inamjua Mama Lewis kwa kusindikiza. Mgeni akisema anaenda, anamtoa mpaka kwa geti, kutoka geti mpaka barabarani, kutoka barabarani mpaka stage, na pale stage mgeni anaona haya, naye anaanza kumsindikiza mama kurudi nyumbani. Kuna siku yeye na bibi ya mchungaji walisindikizana hivyo mpaka mvua ikawapata katikati, wakicheka, hakuna ajuaye nani anamtoa nani.

Shiko akafungua buti. Mama akaweka gunia la viazi. Halafu akaweka mfuko mwingine, polepole, kama mtu anaweka mayai. Shiko akachungulia. Ilikuwa njahi, zile nyeusi zenye mdomo mweupe, ambazo kwao hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua.

"Mum, hii njahi ni ya nini?"

"Ya kuuza."

"Border?"

"Kwani watu wa border hawali? Washa gari."

Huko juu kuelekea Timboroa ukungu ulikuwa umelala barabarani, na Demio ikawa kama haina magurudumu, inaelea tu. Miti ilitokea ikarudi. Lorry za viazi zilipita taa zikiwa zimewaka, kubwa, polepole, kama zinaogelea. Mama alikuwa amefumba macho akiimba kwa pua.

"Mum! Tumevuka ikweta! Ile bango nyuma!"

Mama akafungua jicho moja. "Sijasikia kitu."

"Tulikuwa kusini ya dunia, sasa tuko kaskazini!"

"Na mbona baridi ni ileile?"

Baada ya Eldoret jua likatoka, na sweta ya kwanza ikatoka, na pale Webuye ya pili ikatoka. Miwa ilikuwa imesimama huku na huku. Habari ilimpanda Shiko kooni pale Bungoma, akaimeza. Ikapanda tena, akaongeza sauti ya redio. Mama alimwangalia kwa pembe ya jicho.

Malaba ilianza na lorry. Zilikuwa zimepanga foleni mbali, madereva wamelala chini yake kwa kivuli, wengine wanapika chai. Gari ndogo zilikuwa zinapita kando.

"Simama hapa nishuke," mama akasema.

"Mum, bado. Hii si border, hii ni lorry."

Kukawa na geti, na askari, ambaye aliwaangalia mara moja akapunga mkono waendelee. Shiko akaendelea polepole, akitafuta mstari. Na hapohapo, mama, ambaye tangu Molo hakuwa amelitaja jina la Lewis, akaanza.

"Huyo Lewis alipozaliwa alikataa kunyonya. Kabisa. Nikamwimbia, nikamtishia, nikamwambia basi kufa tuone. Akaniangalia hivi, kama daktari. Halafu akanishika kidole, akanyonya. Ngumi yake ilikuwa kama karanga."

Shiko akaiona hiyo ngumi. Lakini haikuwa ya Lewis, ilikuwa ya msichana mdogo aliyelala Tororo, na Demio ikatembea yenyewe ndani ya hiyo picha, ikapita kitu, ikapita kingine, mpaka askari mwingine akawaonyesha mahali pa kuegesha.

"Kwani border iko wapi?" mama akauliza akishuka.

"Mbele, mbele. Wacha nifanyiwe karatasi, halafu nakupeleka stage."

Mama alienda choo, akarudi, akajiunga na foleni ya ofisi kwa sababu hapendi kusimama ofisini bila kazi. Alikuwa ameshika kitambulisho. Kwa dirisha la kwanza kulikuwa na afisa kijana, kibao kifuani kimeandikwa Makhanu. Akakichukua kile kitambulisho, akasoma kwa sauti:

"Wachuka!"

Mama akaruka. Ni miaka mingi hajaitwa hivyo. Kwa kanisa ni Mama Lewis, kwa shamba ni Mama Lewis, hata marehemu mzee wake alimwita Mama Lewis. Shiko akauma ulimi.

"Mathe, na wewe unaenda Tororo?"

"Mimi siendi Uganda. Nimesindikiza huyu tu. Narudi saa hii."

"Umemsindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka hapa border."

Makhanu akakiweka kitambulisho chini. "Mathe, hapa ni Uganda."

"Wacha mchezo. Wewe si ni Mkenya? Hata bendera ni ya Kenya, hiyo hapo kwa bega."

"Ndio. Sisi wa kukutoa Kenya tunakaa huku kwao, na wao wa kukutoa Uganda wanakaa kule kwetu. Ndio usisimame mara mbili. Border ni ule mto mmepita."

"Mto gani?" mama akasema.

"Mto gani?" Shiko naye akasema.

Foleni yote ikacheka. Dereva mmoja wa lorry akasema, "Hawa wamevuka wakiwa wamelala," na mwingine, "Sindikiza mimi pia, mathe, naenda Kigali!"

Mama hakucheka. Akamgeukia Shiko. "Umenileta kwa ujanja."

"Aki mum, hata mimi sijaona! Nilikuwa nimengoja huo mstari maisha yangu yote!"

Alisema hivyo karibu alie, na mama akamwamini, kwa sababu uso wa Shiko haujawahi kuweka uongo hata dakika. Akamrudia Makhanu.

"Boss, nikitaka kurudi?"

"Rudi tu. Sijakugonga muhuri. Vuka daraja, na hakuna mtu atajua ulikuwa hapa."

Mama akachukua kitambulisho chake, akatoka. Sweta mbili kwa mkono, mgongo umenyooka. Shiko akamwangalia akienda, na ile habari ikapanda tena, sasa ikiwa kubwa kama kiazi. Akakimbia nayo nyuma ya mama mpaka darajani.

Lilikuwa daraja fupi tu. Chini maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, mwanamke anafua nguo, yangeyange weupe wamesimama kando yake kama wanangoja zao. Mama alikuwa amefika katikati akasimama, ameshika chuma.

"Ni hapa?" akauliza bila kugeuka.

"Nafikiri."

"Haina kitu."

"Haina, mum."

Wakayaangalia maji. Yalitoka chini ya mguu mmoja yakapita chini ya mwingine. Kipande cha sabuni ya yule mwanamke kilielea, kikazunguka, kikakosa kuamua ni cha nchi gani, kikaenda.

"Nilisema mguu wangu hautakanyaga," mama akasema.

"Mum, umekanyaga. Umeenda mpaka choo."

Mama akajaribu kukasirika, kicheko kikamtoka kwa pua. Halafu kikaisha.

"Na mtu wa kusindikiza," Shiko akasema polepole, "habebi njahi."

Lorry mbili zikapita, daraja likatetemeka, ndio mama akamgeukia.

"Unajua nimeogopa nini? Si hao watu. Nimeogopa kufika, nimshike huyo mtoto, niulize anaitwa nani, waniambie jina la huyo nyanya mwingine. Na lazima nicheke, Shiko. Mbele ya wote, nicheke, niseme ni zuri."

Mdomo wa Shiko ukafunguka wenyewe. "Mum..."

"Nyamaza! Unajua. Umejua tangu asubuhi, umefura mashavu kama panya wa stoo. Usiniambie. Ukiniambia saa hii, sitawahi kujua kama nilienda juu ya mtoto ama juu ya jina."

Shiko akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ni maneno yaleyale ya Lewis, mama na kijana wake, kila mmoja upande wake wa mto.

Mama akaangalia upande wa Kenya, foleni ya lorry na vumbi. Akaangalia ule mwingine, foleni ya lorry na vumbi.

"Njahi hukawia kuiva," akasema. "Twende tuiweke kwa moto mapema."

Na akatembea mbele yake kurudi Uganda, mguu baada ya mguu, akiangalia chini safari hii, ili auone ukikanyaga.

"Umerudi, mathe?" Makhanu akauliza.

"Nimeona nimsindikize mpaka kwa mlango. Gonga."

Barabara ya Tororo ilikuwa nyepesi. Jiwe kubwa la huko likatokea mbele, limekaa peke yake kama mtu aliyetoka nje kuota jua, na kila walivyosonga lilionekana liko mbali vilevile. Shiko alikuwa amesahau kabisa kutoa mkono dirishani. Alipogeuka, mkono uliokuwa nje ulikuwa wa mama, vidole vimefunguka, upepo unapita katikati.

Walipofika kwa geti la Lewis, hakuna aliyekuwa uani. Shiko akazima gari. Mama hakushuka. Akashusha kile kioo cha juu, akaweka leso sawa, akaanza kujifunza kucheka. Cheko la kwanza lilikuwa baya. La pili likawa afadhali kidogo. "Ni zuri," akakiambia kioo. "Jina ni zuri sana."

Shiko alikuwa ameshika usukani kwa nguvu, machozi yanamtoka, mdomo umefungwa.

Ndani ya nyumba mtoto akalia. Kisha sauti ya mwanamke kijana, yenye usingizi, ikimbembeleza na kumwita: "Wachuka. We Wachuka. Kuja kwangu, kuja."

Na mama, uso bado kwa kioo, akaitika kama mtoto aliyeitwa na mamake kutoka jikoni.

"Nakuja!"

Mguu mmoja ulikuwa tayari chini.