Mzazi Mmoja, Kula Moja

Mdogo wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, na simsifu kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Namsifu kwa sababu herufi R, mtaani kwetu, ni mali yake. Kila anayeitamka vizuri aliichukua kwake. Mimi niliishia shule ya msingi. Yeye akaenda chuo cha ualimu, akarudi na miwani na sanduku la bati, akaingia chumba kile cha mwisho pale shuleni, karibu na bomba, na hakutoka tena.

Kwetu watoto huja shuleni na L peke yake mdomoni. Mdogo wangu hawakaripii. Anawasimamisha, wanashika usukani wa hewani, anasema, "Washeni!" Darasa zima linanguruma, "Rrrrrr!" Ulimi wa mmoja ukigoma, wenzake wanapiga kelele, "Haijawaka!" kisha wanamsukuma mgongoni mpaka iwake. Ndiyo maana anaitwa Mama Pikipiki. Muuza nyama amepita mikononi mwake, mkunga amepita, wanangu wote wamepita.

Akaja mwalimu mkuu mpya. Suti safi, viatu vinavyolia, moyo si mbaya. Ila R yake ilibaki kwao. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwa mdogo wangu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, hili ni dalasa au galeji?"

Watoto, masikini, walikuwa ndiyo kwanza wamefundishwa. Wakamjibu kwa pamoja, "Da-rrrra-sa!"

Wiki haikuisha, mdogo wangu akahamishiwa stoo, alinde mafagio na majembe na mipira isiyo na upepo. Darasa akapewa kijana mpole anayefundisha kwa kunong'ona.

Nguo zake nafua mimi. Miaka yote nimesugua chaki kwenye mkono wa kulia wa gauni, huku nanung'unika. Sasa gauni likawa linarudi safi. Nikalisugua vilevile.

"Umebaki mwaka mmoja tu nistaafu, dada," aliniambia jikoni. "Nilitaka nitoke na chaki mkononi, siyo fagio."

"Si uende ukamwambie?"

"Nimeenda. Kasema wazazi wapige kura Jumamosi, wao ndio waamue."

Nikaguna. Mikutano ya wazazi pale shuleni huhudhuriwa na viti. Wangekuja wale wajumbe wa kamati ya mkuu, ambao vichwa vyao vilishazoea kuitikia kabla hajamaliza sentensi, na mdogo wangu angezeekea kwenye mafagio.

Lakini tangazo lilikuwa lazima. Mkuu akaja sokoni mwenyewe na kipaza sauti.

"Wazazi! Jumamosi asubuhi, njooni nyote shuleni kupiga kula!"

Soko zima likageuka. Hata kuku walisikiliza.

"Kula ni haki yako! Kula ni sili! Mzazi mmoja, kula moja! Atakayepiga kula mala mbili atatolewa nje!"

Muuza mboga akanivuta kanga. "Bibi, umesikia? Shule inatulisha?"

"Mimi mzee, masikio yangu nusu nusu," nikasema. "Ila nimesikia kula. Tena ni haki yako."

"Tutakula nini?"

"Si amesema ni siri?"

Nikapita kwa fundi cherehani, nikapita kwa kinyozi, nikapita buchani. Sikuongeza chumvi. Nilirudia maneno ya mkuu kama alivyoyatamka, kwa heshima zote. Labda lile la "msisahau sahani" ndilo langu.

Mdogo wangu akapata habari. "Dada, umefanya nini?"

"Nimesaidia kueneza tangazo la serikali."

Jumamosi uwanja ulifurika. Watu walikuja na mabakuli, na vijiko vimefungwa kwenye leso. Kina mama walibeba na watoto wa jirani. Mkuu alitokeza akitabasamu kama bwana harusi. Kisha akaviona vijiko.

"Ndugu wazazi, hivyo vya nini?"

"Vya kula, mkuu," akasema muuza nyama. "Si umetuita kula?"

"Ndiyo, kula! Kula ya kalatasi!"

"Tule karatasi?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mkuu akafuta jasho shingoni. Mdogo wangu alitoka stoo, akasimama ubavuni kwake. Angetaka, angemmaliza palepale. Mimi ningemmaliza.

"Jamani," akasema, "mkuu amewaita kwenye kura. Ile ya pikipiki. Wekeni sahani chini."

"Aaaa!" Wengine wakaanza kuinuka, wakifunga vijiko vyao.

"Kura ya nini tena?" akauliza mkunga, mguu mmoja ushafika getini.

"Yangu. Nirudi darasa la kwanza au nibaki stoo."

"Kwani ulitoka?"

Hakuna aliyekuwa anajua. Wenye kuondoka wakakaa, tena kwa kishindo.

Mkuu alikuwa ameandaa kiboksi cha chaki cha kutosha wajumbe wake. Kikajaa kabla safu ya kwanza haijaisha. Nikatoa sufuria langu, lile kubwa la shughuli. "Tumieni hili. Nililileta kwa kazi nyingine, lakini halichagui."

Kila mtu aliandika neno moja, arudi au abaki. Nikawatazama watu wazima wameinamia magoti, midomo inachezacheza, a, ru, di, kama walivyofundishwa kwenye chumba kile cha mwisho. Hakuna aliyeomba kuandikiwa. Mdogo wangu naye aliwatazama, kisha akavua miwani, akaanza kuifuta, akafuta mpaka nikaihurumia.

Mkuu akatoa karatasi ya kwanza. "Aludi."

"Arrrudi!" akanguruma muuza nyama.

Ya pili. "Aludi."

"Arrrudi!" ikajibu safu nzima ya mbele. Ya tatu, uwanja mzima ukawaka, vibibi kwa vijana, wameshika usukani hewani. Zile za "abaki" zilikuwepo, chache, zimekunjwa kwa adabu sana. Hazikusikika.

Hapo mkuu akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikamsamehe. Akaweka karatasi chini, akanyoosha mikono akashika usukani wake.

"Alll..."

"Haijawaka!"

"Msukumeni!" nikapiga kelele. Mdogo wangu akamsukuma yeye mwenyewe, taratibu, mgongoni kwenye ile suti.

Muuza nyama alikataa kurudi na kijiko kikavu. Alikwenda kufungua bucha, muuza mboga akaleta kapu, sufuria likaoshwa likapanda motoni. Watu walikula. Walikula mara mbili, na hakuna aliyetolewa nje.

Jumatatu gauni lilirudi na chaki mkono wote. Nililisugua nikiimba. Mwaka wake wa mwisho mdogo wangu aliumalizia kwenye chumba chake, na kila jioni, watoto wakishaondoka, mkuu alikuja kuketi kwenye kale kadawati, magoti yakigusa masikio, akiwasha. Iliwaka. Sasa R yake inamshinda hata muuza nyama.

Juzi amepita tena sokoni na kipaza sauti, akatangaza kurrra, safi kabisa, bila doa.

Tulihudhuria mimi na viti.