Upande wa Pili wa Santuri

Mwahija Sabiti alipoanza kuimba dansi, aliyemfungulia njia alikuwa kaka yake Bashiri. Baba yao, fundi cherehani wa pale karibu na soko la Shinyanga, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Herman, kiongozi wa bendi ya Ibinzamata Jazz, alipomsikia binti akiimba kasida kwenye harusi na sauti ikamkaa kichwani, alikwenda kumwomba Bashiri.

Mama yao alikataa katakata. Binti wa Kiislamu, jukwaani, mbele ya walevi? Bashiri akacheka, akamshika mama yake mabega.

"Mama, mwache aimbe. Akiharibika nitamrudisha mwenyewe."

Mama Bashiri hakujibu, na nyumbani kwao kutojibu kulihesabiwa kuwa ruhusa.

Mwaka uliofuata Bashiri aliondoka kwenda Geita. Mgodi mkubwa wa huko ulikuwa umefungwa, lakini watu walisikika wakichimba wenyewe vilimani kwa sururu na karai, na aliyebahatika alirudi na baiskeli mpya. Yeye hakurudi. Masika yalipochachamaa, dereva wa lori la pamba alileta habari kwamba duara moja, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, limeporomoka na kumfukia Bashiri. Maji yalijaa juu yake. Hakuna aliyeweza kufukua.

Majirani walikuja na kanga na unga wa kuweka matanga. Mama Bashiri akawarudisha mlangoni.

"Maiti sijaiona, kaburi sijalionyeshwa. Hitima mnataka kumsomea nani?"

Basi maisha yakaendelea hivyo. Watu walimwita Mama Bashiri kila siku, sokoni, bombani, msikitini, kwa sababu hakuna aliyejua jina jingine la kumwita. Na kila jioni alipopakua, alipakua sahani moja ya ziada, akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kabati. Asubuhi aliwapa kuku. Mwahija aliitazama sahani ile mpaka ikamtoa wimbo. Ulikuja polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto:

*Nimekuwekea chakula, kaka, kimepoa,*
*nimekipasha moto, kimepoa tena.*

Mwaka wa sabini na mbili, bendi ikaitwa Nairobi kurekodi. Walipanda treni hadi Mwanza, meli hadi Kisumu, wakamalizia kwa basi, magita yamefungwa kwenye mablanketi. Mwenye studio alikuwa bwana mmoja aitwaye Mutiso, mtu mpole, mnene, aliyesikiliza huku amefumba macho. Alichagua "Tinde Kuna Mambo", wimbo wao wa kuchezeka, uwe upande wa kwanza wa santuri ndogo. Upande wa pili ulibaki wazi, na Herman akasema, "Mwahija, imba ule wako."

Akauimba. Mutiso alifumbua macho.

"Mzuri," alisema. "Lakini huu ni wa kulia, dada yangu, na watu hununua santuri wacheze. Uongezeni kasi. Halafu hapo kwenye 'kaka', weka 'mpenzi'. Nani atacheza na msichana wake huku akimwita kaka?"

Mwahija alimtazama Herman. Herman alikuwa ameinama anakaza uzi wa gita ambao haukuwa umelegea. Kwa hiyo akaimba "mpenzi". Mpiga ngoma aliharakisha, besi ikaingia kwa madaha, na ilipochezwa tena kwenye spika hata Mwahija mwenyewe mguu ulimtikisika. Jambo hilo lilimwuma kuliko lile neno lililobadilishwa.

"Tinde Kuna Mambo" haikwenda mbali. Lakini mtu fulani, mahali fulani, aligeuza santuri. Kabla ya msimu wa pamba kwisha, "Nimekuwekea Chakula" ilikuwa ikilia kwenye kila baa kuanzia Kahama mpaka Mhunze, na redioni wasikilizaji waliiagiza wakiwasalimu wachumba wao. Mutiso akatoa santuri ndogo ya pili, kisha ya tatu. Zile ziliuzika kiasi, nazo zilinunuliwa zaidi kwa ajili ya jina lililoandikwa kwenye karatasi ya katikati: Mwahija Sabiti na Ibinzamata Jazz. Mwishowe akatuma ujumbe kwamba sasa anataka santuri kubwa, ya nyimbo kumi, yenye picha ya mwimbaji kwenye jalada. Wimbo ule uliovuma ungekuwa wa kwanza.

Mama Bashiri hakuwa na redio. Aliusikia wimbo kwa jirani, Bi Chausiku, siku walipokuwa wakipeta mchele uani, na wasichana wa nyumba ile wakaacha kazi wakaanza kukata viuno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha alikwenda nyumbani, akamkuta Mwahija anapiga pasi gauni la jukwaani.

"Sahani ile nilimwekea mwanangu," alisema. "Wewe umewapelekea walevi."

"Mama, sikukusudia..."

"Umemfanya mpenzi wa kila mtu. Hata kaka yako humtaji."

Lilikuwa neno la kweli. Tangu siku ile mama na binti walisalimiana shikamoo na marahaba, wakaishia hapo. Mwahija akaamua moyoni: kwenye santuri kubwa atauimba ule wimbo polepole kama ulivyozaliwa, au asiuimbe kabisa. Akamwambia Herman. Herman alikuna kidevu, akasema watalizungumza baada ya safari ya Geita, kwani bendi ilikuwa imealikwa kupiga dansi la mchana huko siku ya Jumapili.

Ukumbi ulikuwa wa mabati na sakafu ya udongo. Wachimbaji walijaa, nguo zao zimekolea vumbi jekundu, na ulipopigwa wimbo ule sakafu ilitifuka hata mpiga tarumbeta akakohoa. Mwahija aliimba akitazama ukutani. Walipopumzika, mwanamume mmoja mrefu mwenye kovu shavuni alisogea jukwaani amevua kofia.

"Mimi ni Maduhu," alisema kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kisukuma. "Wewe ni mdogo wake Bashiri. Mmefanana paji la uso."

Mwahija alikaa chini pale pale, kwenye sanduku la spika.

Maduhu alimweleza bila kupamba. Walikuwa wote zamu moja. Mvua ilipoanza kuingia, Bashiri alikuwa chini na wenzake wawili, yeye Maduhu juu kwenye kamba. Walimvuta wa kwanza akatoka. Bashiri ndiye aliyefuata kwenye kamba, lakini alimfunga mwenzake aliyevunjika mguu, akapiga kelele wavute. Walipoirudisha kamba chini, ukuta ulikuwa umeshaporomoka.

"Alikufa, dada. Nilikuwepo. Nimekaa na maneno haya miaka miwili na sikujua kwenu ni wapi. Nilikuja kukujua kwa santuri, jina la Sabiti. Yeye alikuwa akijiita hivyo, Bashiri Sabiti, na alikuwa akijisifu ana mdogo wake anaimba."

Asubuhi yake alimpeleka kilimani. Duara la Bashiri lilikuwa limebonyea, limeota majani, lina kidimbwi. Hatua chache kutoka pale wanaume wanne walikuwa wakivuta kamba ya duara jingine, na Mwahija alisimama ghafla, kwa sababu walikuwa wakivuta kwa wimbo wake. Mmoja aliimba "nimekuwekea chakula", wote wakavuta, karai likapanda.

"Mbona haraka hivyo?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ukivuta polepole mkono unachoka, mtu anabaki chini," alisema Maduhu. "Huu unakwenda na mkono. Ila sisi hatusemi 'mpenzi'. Tunataja jina la aliyeko chini, ajue tunamvuta yeye."

Mwahija aliposikiliza vizuri alisikia. Walikuwa wakiita, "Nimekuwekea chakula, Pantaleo." Na Pantaleo alitoka shimoni, uso wote mweupe kwa vumbi la mawe, akaomba maji.

Alirudi Shinyanga na Maduhu. Mama Bashiri alimkaribisha mgeni, akampa kigoda na maji ya kunawa, na akayasikia yote sebuleni huku ametulia tuli. Aliuliza swali moja tu.

"Yule aliyevunjika mguu, alipona?"

"Alipona, mayu," alisema Maduhu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Anachechemea, lakini ana mke na mtoto. Mtoto wamempa jina la Bashiri."

Mama alijifunika kanga usoni. Alilia mpaka Bi Chausiku akasikia kutoka kwake, akaja mbio, na wanawake wengine wakafuata. Safari hii hakuna aliyerudishwa mlangoni. Ijumaa ile hitima ilisomwa. Maduhu, asiyekuwa Mwislamu, alikaa nje kwenye benchi kofia ikiwa mapajani mpaka watu walipomaliza, akala pilau pamoja nao, akapanda basi kurudi kwao. "Wabeja," mama alimshukuru akimshika mkono kwa mikono miwili, yeye ambaye Kisukuma alikuwa akikitumia sokoni tu.

Nairobi, Mutiso alijiandaa kwa ugomvi, maana Herman alikuwa amemtahadharisha kuhusu mwendo wa wimbo.

"Mwendo acheni ulivyo," alisema Mwahija. "Lakini 'mpenzi' siimbi. Nitamtaja kaka yangu."

"Watu wamezoea 'mpenzi'."

"Basi watazoea Bashiri."

Mutiso alifumba macho, akamwashiria fundi wake awashe mashine.

Santuri kubwa ilitoka mwaka wa sabini na tatu. Haikuuzika kama walivyotarajia. Wengi walikuwa na ile ndogo tayari, na wengine walilalamika kwamba wimbo umeharibiwa, huyo Bashiri ni nani hata aingizwe humo. Mwahija aliimba na bendi miaka michache zaidi, akaolewa Kahama, akaacha jukwaa bila kinyongo. Lakini Geita waliomba ile mpya.

Mama yake aliisikiliza kwa Bi Chausiku, nyimbo zote kumi, pande zote mbili, ameketi wima kama yuko msibani au shuleni. Hakucheza. Jina la mwanawe lilipotajwa aliitikia kwa sauti ndogo, "Labeka," kana kwamba ni yeye aliyeitwa. Sindano ilipofika mwisho na kuanza kukwaruza, alimgeukia binti yake.

"Ule wa Tinde," alisema, "sauti yako ilikuwa imekauka. Ulikuwa na mafua?"

"Nilikuwa nayo, mama. Baridi ya Nairobi."

"Ungekunywa tangawizi," alisema mama, akainuka kwenda kupika.