Mguu wa Kushoto

Celina aligundua siku ya wazazi, kwa macho yake mwenyewe, kwenye karatasi ya matokeo. Mahali alipotegemea kuona Biashara, pameandikwa Sanaa. Lucky, binti yake wa pekee, alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya Ilala, na kwa miezi mitano yote hakumwambia mama yake kwamba amechagua Sanaa.

"Mimi nadamka alfajiri kufungua duka, wewe unaenda shule kuchorachora?"

"Nisamehe, mama."

Celina aliikunja ile karatasi. Tangu afiwe na mumewe, miaka sita sasa, alikuwa akiuza kandambili kwa jumla pale Msimbazi, na siku zote aliamini Lucky ndiye atakayelikuza lile duka. Akaenda kumtafuta mwalimu wa sanaa.

Mwalimu Moza alikuwa bado kijana, ushungi wake una alama za rangi pembeni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Lucky. Nataka ahamishiwe Biashara."

"Sawa, mama. Fomu iko kwa mkuu wa shule, nitaisaini. Lakini tazama kwanza kazi yake."

Akafungua jalada. Ilikuwa picha ya penseli: Celina mwenyewe amekaa kwenye kigoda katikati ya maroba ya kandambili, kikombe cha chai mkononi, miguu kainyoosha. Hata nyufa za visigino zilikuwapo. Celina akacheka bila kutaka.

"Jamani, huyu mtoto! Ila mguu kakosea. Wa kushoto kaufanya mnene kama mchi."

"Hata mimi nilimwambia kakosea, afute," Moza alisema. "Akagoma. Akaniambia, 'Mwalimu, si umetufundisha tuchore tunachokiona, tusichore tunachodhani?' Akarudi dukani Jumamosi tatu kuuangalia tena."

Celina alitazama chini, kisha akavuta gauni kuufunika mguu. Kwa miezi miwili alikuwa akivaa kandambili namba saba kulia na namba tisa kushoto, za rangi moja. Kwenye duka lililojaa kandambili, nani angejua? Alijiambia ni kusimama sana. Maumivu ya usiku hakumwambia mtu.

Lucky alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikuwa unajua?" mama yake akamuuliza.

"Nilikuwa sijui. Nilivyoanza kuchora ndio nikaona. Nikaogopa kukuuliza, ungeniuliza kwa nini nakuchora."

Kesho yake walienda hospitali. Daktari aliubonyeza mguu, akampeleka kupimwa, akarudi hana utani. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa. "Hili bonge lingepanda kwenye mapafu, mama, tungekuwa tunakuzika. Ulikuwa unangoja nini?"

Alilazwa siku tano. Mdogo wake, Hillary, ndiye aliyeshika duka. Alipokuja na uji akasema, "Dada, mimi nakuona kila siku. Sikuona kitu."

"Hata mimi mwenye mguu sikutaka kuuona," Celina alisema, akageukia ukutani.

Aliporuhusiwa, alipumzika wiki moja, kisha akaenda shuleni akichechemea. Moza alishaandaa fomu, saini yake iko chini.

"Mwalimu, hawezi kusoma yote mawili?"

"Ratiba imegongana, mama. Vipindi vyote viwili viko saa ileile."

Celina aliiweka ile fomu mapajani. Hofu yake haikuwa imeisha. Bado hakujua mtoto atakula nini kwa penseli. Nje kengele ililia, wanafunzi wakamwagika uwanjani.

"Basi," akasema, akimrudishia karatasi. "Biashara nitamfundisha mwenyewe dukani, naiweza. Hiki cha kwenu cha kuchora mimi sikiwezi."

Lucky, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alianza kulia. Mama yake akamwambia aache, watu wanamtazama. Lakini naye alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.