Mzee Kiti Anasubiri Wingu Lipite

...na mguu wa nyuma wa kushoto ndio uliolegezwa, huo nisiuegemee, nimeambiwa, mpaka nipewe ishara, nikae kama mtu asiye na habari, nami nimekaa, uzito wote nimeulaza upande wa kulia kama gunia lililopakiwa ovyo, mikono magotini, tai shingoni, na binti yangu amesimama nyuma ya stendi ya simu, stendi yenye miguu mitatu na yote mitatu ni mizima, nimeikagua, anatazama dirishani, anasema, "Bado kidogo, baba, wingu," maana jua limejificha na sura yangu haionekani sawasawa, na lazima ionekane, watu wanataka kuiona sura ya mzee pale hasa anapogundua kwamba hana kiti... maana ndivyo wanavyoniita huko mtandaoni, Mzee Kiti, si mwalimu, si mkaguzi mstaafu wa bei, Mzee Kiti, na kusema kweli jina limenikaa kuliko kiti chenyewe. Masomo yangu ya uchumi tuliyatia mtandaoni moja baada ya jingine, Maana ya Bei, Asili ya Ushindani, Mfumuko wa Bei kwa Lugha Nyepesi, yakatazamwa na mimi, na binti yangu, na shemeji yangu ambaye baadaye alikiri kwamba alikuwa anatafuta pa kuifungia video, halafu siku ile nikafika kwenye somo la bei kupanda, nikainua kidole, nikasema, bei haiwezi kupanda daima dumu, ndugu mtazamaji, iko siku itafika mahali, na kiti kikafika mahali, na mimi nikafika sakafuni kidole kikiwa bado juu, na kabla ya wiki kwisha walikuwa wamenitazama watu wa kujaza viwanja vya mpira, wakaandika, "Mzee rudia, hapo mwisho sikuelewa," wakaandika, "Huyu ndiye mwalimu, anatoa na mfano," mwingine akaandika, "Bei imeshuka na mwenyewe," na huyo, mnyonge mnyongeni, alikuwa amelielewa somo. Basi leo narudia. Soko limesema. Miaka thelathini na kitu nimewaambia watu lisikilizeni soko, sasa limefungua kinywa na linachotaka ni makalio yangu.

Kiti chenyewe cha serikali, nilikinunua mnadani, namba ya ofisi bado imeandikwa kwa rangi nyeupe chini yake, kilikuwa cha Idara ya Udhibiti wa Bei, tulipanga bei ya sabuni sisi, tulipanga bei ya misumari, mwenye duka akiongeza senti tunamtokea na jalada, mpaka siku tulipokusanywa ukumbini Mkurugenzi akasoma waraka kwamba kuanzia leo bei ziko huru na soko litaamua lenyewe, tukapiga makofi kwa mujibu wa ratiba, na Jumatatu yake tukarudi kazini, jengo lile lile, chai ile ile, mlangoni kibao kipya, Idara ya Uhamasishaji wa Soko Huria, muhuri ule wa zamani umekwanguliwa maneno mawili, na kazi yetu ya kwanza ikawa kutoa mwongozo, kwa nakala tatu, wa namna soko linavyotakiwa kuwa huru na adhabu kwa asiyezingatia... mama yake huyu binti alicheka mpaka akaweka kisu chini, alikuwa anamenya viazi, akasema, "Kwa hiyo jana ulikuwa unamzuia mbuzi asitoke, leo unalipwa kumsukuma atoke, na mbuzi mwenyewe hajaulizwa," lakini mimi niliamini, hilo ndilo la kuchekesha, wenzangu walibadili kibao tu, mimi nilibadili imani, nilisoma vitabu vyote, wauzaji wengi, wanunuzi wengi, kila mtu anajua anachonunua, hakuna wa kumpangia mwenzake, soko kama hilo sikuwahi kuliona kwa macho lakini hata pepo watu hawajaiona. Kisha binti akanionyesha hizi video, nikasema, loo, hili hapa. Hakuna leseni, hakuna kodi ya meza, mwenye punda anayepiga chafya na profesa wa magonjwa ya moyo wote wamepewa meza ya ukubwa mmoja, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, waliosema walimaliza... hawakumaliza. Hapa hakuna kinachojiuza wala kinachojitembeza, vyote vinatembezwa na yuleyule, na yeye humwoni. Unalala meza yako iko mlangoni, unaamka iko nyuma ya choo, nani ameihamisha, haijulikani, kwa nini, haijulikani, jirani yako anakwambia ni kwa sababu hukuweka picha ya mtu aliyeshika kichwa, mwingine anasema, ukitoa mbili kwa wiki wanakupenda, wa tatu anasema, ukitoa mbili wanakuchoka, wote wanabahatisha kama wapiga ramli, na hilo ndilo soko ambalo kila mtu anajua anachonunua. Niliandika kulalamika, niliandika vizuri, nikataja aya, nikajibiwa kabla sijaiweka kalamu chini, "Tunathamini maoni yako, suala lako limepokelewa," nikaisoma barua ile kwa hisia za ajabu, kama mtu aliyesikia lahaja ya kwao ugenini, kwa sababu barua hiyo nimeiandika mimi, mara ngapi sijui, ila sisi tulikuwa na mlango, tulikuwa na benchi na tarishi wa kutukanwa, mwenye duka alikuja akafoka akapungua hasira akaenda zake, huku ufokee nini? Na mnunuzi ni nani? Hili ndilo lililonichukua muda, mkaguzi mzima. Mtazamaji halipi. Anayelipa ni mwenye tangazo la sabuni, ananunua nini, ananunua macho, basi mtazamaji ndiye bidhaa, anapimwa na kufungwa, na mwenye soko ndiye muuzaji, na mimi, ndugu yangu, mimi si muuzaji kabisa, mimi ni chambo. Chambo kilichovaa tai.

"Baba, usiegemee kushoto."

"Sijaegemea."

"Nimekuona unawaza. Ukiwaza unaegemea kushoto."

Ni kweli, na mama yake alikuwa akisema hivyo hivyo... seremala wa mtaa wa pili ndiye aliyeulegeza huu mguu, yeye ndiye aliyeutengeneza baada ya ajali ya kwanza, gundi na vipande vya mbao, kazi ya kujivunia, halafu binti akamwita tena, nikawasikia barazani, "Mwanangu, tangu niijue randa naitwa kutengeneza, leo naitwa kuharibu?" na binti, "Fundi, kidogo tu, uchomoke akiegemea," na fundi, "Kuharibu kwa mpango ni kazi zaidi ya kutengeneza, bei haipungui," nikafikiri, huyu alistahili ukurugenzi, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini kwani mzee anatafuta nini na mambo haya?" na binti akamjibu kitu, nikasikia mwisho wake tu, "...akijua kuna kurekodi, ananyoa ndevu," nikachukulia kwamba wanazungumzia sura nzuri kwenye picha, nikajipapasa kidevu nikaridhika. Wingu limekaa. Ni lile la aina ya ofisi ya ardhi, ukifika limekaa, ukirudi limekaa. Asubuhi mezani alisema, akipaka siagi mkate wangu ambao naweza kuupaka mwenyewe, "Wale wa bima wamenijibu, kule, wanataka nianze Jumatatu," na kule ni mji mwingine, ni basi la kutwa nzima, "lakini hii video ikienda vizuri kama ile nitawaambia siendi, tutaendelea na masomo yako," na mimi nikasema nini, nikasema, "Hm," kisha nikaeleza kwamba mahitaji ya kuanguka kwangu huenda yakapungua kadiri ninavyozidi kuanguka, ambayo ni kanuni, iko kwenye vitabu, naye akaniangalia, akafunika siagi. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi, nikianguka vizuri anabaki, nikianguka vibaya au nikikataa, Jumatatu nyumba hii ina mtu mmoja na redio. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kukataa, yenye heshima ya mtu mzima na thamani isiyopimika, nimeitunga bafuni, na nimekuja nayo mpaka kitini, na kitini nimegundua kwamba siitaki, nitaanguka, nitaanguka kila Alhamisi wakitaka, ngazini, kisimani, abaki tu... ndivyo walivyokuwa wale wenye maduka wadogo wenye mteja mmoja, tuliwadharau, mteja mmoja akikohoa duka zima linashika dawa. Na kitu kimoja hawa watazamaji hawakipati. Ile video ya kwanza ninayo nzima kwenye simu yangu, kabla hajaikata, naitazama, si kwa ajili ya kuanguka, kuanguka nakujua, nafumba macho nasikiliza, kinalia kiti, ninaguna mimi, halafu huyu binti anacheka. Hakuwa amecheka tangu tulipomzika mama yake. Anacheka cheko la mama yake, lile la kuweka kisu chini, halafu anasema, "Baba! Baba, umeumia?" bado anacheka, anataka kulia na anacheka, na hapo ndipo alipoikata, akaniambia, "Sauti ya mpiga picha haitakiwi, inaharibu." Kwa hiyo walikula ganda, kokwa hawakuiona. Kitu pekee cha thamani kilichotolewa na chumba hiki mwaka mzima hakikufika sokoni, na leo hakitatoka, naijua kazi hii, leo atakuwa anaangalia mwanga, amekunja uso, nitaanguka na atasema, "Sawa, imeingia," kama karani wa stoo.

Ananyanyua mkono kuvuta pazia, mkono wa gauni unateleza, na kwenye kiwiko kuna plasta. Plasta mpya, na juu yake mchubuko mwekundu, na begani kwa nyuma vumbi la sakafu, lile la huku huku nyuma ya kiti ambako ufagio haufiki... nageuza shingo kidogo. Zulia nyuma yangu limevimba. Chini ya zulia kuna godoro, naujua ukingo wa godoro lile, ni la kitandani kwake, na huo uvimbe umesogezwa kulia kidogo, umesogezwa na mtu ambaye mara ya kwanza alianguka kando yake. Amekuwa akianguka. Nilipokuwa bafuni natunga heshima ya mtu mzima mtoto huyu alikuwa hapa anakaa kwenye kiti hiki, anaegemea kushoto, anaanguka, anainuka, anaupachika mguu tena, anasogeza godoro, anakaa tena, na maji yalikuwa yanatiririka nisisikie. Ni soko gani ambalo mwenye duka anameza dawa kwanza ili mgonjwa asidhurike? Halipo, nimesoma vitabu vyote. Mtu aliye tayari kuanguka hivyo hataki watazamaji, anataka nini, na hapo lile neno la barazani linanirudia zima, akijua kuna kurekodi ananyoa ndevu. Ala. Si picha. Sikunyoa siku ngapi baada ya mazishi, nilikuwa nakaa na shuka mpaka saa nane, kisha huyu, ambaye kampuni yake ya watalii ilikuwa imefungwa, akaja na simu yake, "Baba, si ulikuwa unatuhubiria bei wakati wa kula, wahubirie watu basi," nami nikakubali kwa ajili yake, maskini, amefiwa, hana kazi, apate cha kumshughulisha, nikavaa tai kila Alhamisi kwa ajili yake, na yeye akasimika stendi kila Alhamisi kwa ajili yangu. Wauzaji wawili, kila mmoja amesimama mezani kwa mwenzake anajifanya mteja, hakuna aliyekuja kununua, na katikati yetu mashine inapitisha watu wa kujaza viwanja. Na huu mguu wa kiti, eti ukichomoka vizuri, anabaki. Anabaki wapi? Anabaki hapa, Alhamisi kwa Alhamisi, anaangushwa na mimi.

Hata sikumwuliza ni kazi gani. Mwanauchumi. Bima ya nini, ya moto, ya magari, ya maisha, amepewa dawati la dirishani au la korido, mkuu wake ni mtu wa namna gani, nilitoa kanuni ya mahitaji, sikuuliza hata dawati. Nitauliza. Wingu likipita, kabla hajahesabu, nitasema, ngoja kwanza, nieleze hiyo kazi, na nitanyamaza mpaka amalize, na nisitoe mfano, na akishamaliza nitamwambia Jumatatu basi linaondoka alfajiri, bora begi lifungwe mapema. Halafu akitaka nianguke nitaanguka, moja ya kuagana, godoro lipo, ila asiikate, aache na sauti ya mpiga picha, hata kama leo mpiga picha hatacheka, sifanyi biashara.

"Bado kidogo, baba," anasema, bila kugeuka, "halijasogea."

"Taratibu, mama," nasema, "halina haraka," na kweli halijasogea, limekaa pale pale juu ya paa la jirani, chumba kina rangi ya chai isiyo na maziwa, uzito wangu uko kulia, mkono umepanda wenyewe kidevuni, ni laini, nilipita mara mbili leo na wembe, na nawaza Jumatatu, maji ya moto, kioo, redio ikisema peke yake, hakuna stendi, na nanyoa.