Tangazo la Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliondoka siku alipokuta kibanda chake kimepakwa rangi upya: KWA KIBYONGO, FUNDI SIMU. Mwenye kibanda, aliyempangisha, alidhani anamfanyia hisani, wateja wasipotee. Mtaa mzima walimwita hivyo, naye alizoea kucheka nao. Siku hiyo hakucheka. Alifunga kisanduku cha vifaa, akazima simu, akaenda zake.

Tulipochoka kusubiri, mimi na mama tukaenda redioni. Mtangazaji alikuwa mstaarabu.

"Ana alama yoyote, mama?"

"Ni mpole," mama akajibu. "Kavaa shati la bluu."

"Mama, mashati ya bluu yamejaa mjini," nikasema. "Taja mgongo."

"Mgongo wake umekukosea nini?"

Mtangazaji akajaribu kutusuluhisha: tuseme mwenye ulemavu wa mgongo, ndiyo lugha ya heshima. Mimi nikakubali. Mama akakataa katakata. Mwanawe amefukuzwa na neno. Akisikia anatafutwa kwa mgongo wake, hata kwa lugha laini, hatarudi. Basi likasomwa jina lake kamili, kijana mpole, shati la bluu. Nilipandwa na hasira, maana mama alikuwa na haki na tangazo halikuwa na faida.

Hakuna aliyepiga simu. Nikazunguka stendi na picha yake mpaka kwa muuza chai.

"Huyu si Kibyongo? Alikuwa analala hapa hapa, chai nampa mimi. Tangazo nililisikia, lakini jina lile nani analijua? Kisha akapanda basi."

Basi gani, hakuangalia.

Nilipomweleza mama, alikaa kwenye kitanda cha mdogo wangu. Halafu akavaa viatu. Safari hii aliomba asome mwenyewe. Neno ambalo hakuwahi kulitia kinywani, na mgeni aliyelitamka nyumbani kwetu alionyeshwa mlango, akalisema hewani: "Namtafuta mwanangu. Nyinyi mnamjua kwa jina la Kibyongo." Sauti yake haikutetemeka. Niliyelia ni mimi.

Simu zikamiminika. Mzee fulani sokoni, mama mmoja hospitali, mlinzi wa ghala. Kila mwenye mgongo uliopinda alinyooshewa kidole kwa ajili yetu, na wote si yeye.

Jioni ikaingia namba nisiyoijua.

"Dada."

"Uko wapi? Rudi bwana, mama hali, halali!"

"Yule wa redioni," akauliza taratibu, "alikuwa mama?"

Nilitaka kudanganya. Nikaanza kumweleza tangazo la kwanza lilivyosema.

"Hata yeye," akasema. "Haya."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena, akapokea mwenye duka alikoazima simu, akaniambia ameshaondoka, hajui kaelekea wapi.

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Nani huyo?"

"Kakosea namba," nikamjibu.