Upande wa Chini wa Jani

Daktari Mochama, mtaalamu wa mimea, alipiga picha kumi na moja za kangaga na hakugeuza jani hata moja. Edinah alikuwa nyuma yake korongoni, gumbuti zimezama kwenye tope. Hadithi hii aliijua. Mpimaji ardhi wa kikoloni alisimama papa hapa akaandika kwamba hapana mtu, huku moshi wa jiko la babu yake Edinah ukimwingia machoni.

"Ni ile ya kawaida," daktari alisema. "Imejaa toka Londiani mpaka Bomet."

"Geuza."

"Mama?"

"Geuza jani, daktari. Kangaga haijulikani kwa mgongo."

Miaka thelathini na moja Edinah alichumia kampuni chai, mpaka mashine zikaja wakamfukuza. Kangaga alijifunza kwenye kitabu alichookota kwenye takataka za meneja, ukurasa kwa ukurasa, kamusi pembeni. Akageuza jani mwenyewe. Ile ya kawaida hubeba mbegu zake, unga wa kahawia, ukingoni tu. Hii ilizibeba kwa mistari ya mshazari, na shina lilikuwa na magamba ya rangi ya dhahabu, laini kama sikio la ndama. Kitabuni haikuwemo.

Daktari aliinama akaitazama mistari. "Ng'oa moja nzima, na mizizi yake. Uilete kwenye baraza la kijiji Alhamisi. Kama haijulikani popote, kampuni haitagusa korongo."

Humo korongoni ndimo ilimo chemchemi. Kampuni ilitaka kufyeka ipande chai, na nyumba arobaini zinakunywa hapo.

Jumatano jioni Edinah aling'oa kangaga moja, akailaza kwenye gazeti chini ya godoro. Asubuhi akaja Zacheus, kijana wa jirani ambaye kampuni ilimwajiri aongee na wanakijiji.

"Kogo, nipatie hiyo kitu niende nayo na gari. Kwa mvua hii utaifikisha ikiwa mboga."

"Nitaibeba mwenyewe."

"Yaani huniamini, Kogo? Nyanya yangu mwenyewe?"

Hakuwa mjukuu wake wa damu, ila alimlea. Alipougua surua alimbeba mgongoni mpaka hospitali, kwa miguu. Edinah akainua godoro mbele yake, akatoa mmea, akampa. Gazeti likabaki.

Barazani, kwenye ukumbi wa kanisa, daktari aliinua kangaga watu wote waone. Akaigeuza taratibu.

"Mistari iko wapi, mama?"

Unga ulikuwa ukingoni tu. Nyuma mtu akacheka. "Kogo amesoma sana!"

Edinah alipenya mpaka mbele akapitisha kidole gumba kwenye shina. Uchi. Halikuwa na hata gamba moja.

"Hii si yangu. Zacheus, hii si yangu!"

Zacheus alikuwa anasoma simu yake. "Mimi naandika kilicho mkononi tu," daktari alisema; alikuwa ameshaandika: ile ya kawaida.

Edinah hakungoja maombi ya kufunga. Alikwenda moja kwa moja korongoni. Kangaga zote zilikuwa zimeng'olewa. Yalibaki mashimo, yakijaa maji moja baada ya jingine, na miti yote ilikuwa na alama nyekundu ya kukatwa.

Alifika nyumbani akihema, akafungua gazeti. Kangaga ilikuwa imejichora: unga uliodondoka usiku ule, mstari kwa mstari, mshazari. Kitabu kilisema unga kama huo huweza kulala miaka, na ukipata unyevu huamka.

Gari likasimama nje. Zacheus, na wanaume wawili asiowajua.

"Kogo! Kuna gazeti ulifungia ile majani."

"Nimewasha nalo moto!"

"Moto gani hauna moshi, Kogo?"

Lango likalia. Edinah aliangalia gazeti. Lilikuwa ushahidi, lakini ushahidi wa kumpelekea nani? Karatasi zao zilikula shamba la babu, na leo zimekula korongo. Mbegu hazihitaji karatasi, unyevu tu. Akatwaa leso yake kuukuu, akailowesha, akaikandamiza juu ya mchoro mpaka unga wote ukahamia kitambaani. Akajifunga mabegani. Gazeti akalitia jikoni, akapuliza.

Zacheus aliingia akakuta moshi. Akachokoa majivu kwa kijiti, akatikisa kichwa kwa wenzake. Kisha macho yake yakapanda, yakasimama mabegani.

"Mbona hiyo leso imelowa?"

"Hii ndiyo niliyokubebea na surua yako. Unayakumbuka maua yake?" Edinah hakurudi nyuma. "Njoo uivue."

Mkono wa Zacheus uliinuka, ukabaki hewani. Wale wawili walikuwa wanamtazama. Kule chini korongoni, katapila ikaanza kunguruma.