Laini ya Baba Alexander

Prudencia hakujua mambo ya mitandao, ila alijua kwamba duka likishafungwa, limefungwa. Kwa hiyo mjukuu wake Sharon aliposoma kwamba mtandao wa Chapuchapu unafungwa wiki hiyo na video zote zitafutwa, bibi aliweka chini ungo wa mchele.

"Na ile ya babu yako?"

"Imo humo humo, bibi."

Kuna wakati Mwanza nzima ilihamia Chapuchapu. Wauza dagaa wa Mwaloni walicheza humo, kwaya ziliimba humo, hata mchungaji alionekana akigeuza sato jikoni. Kisha watu wakaondoka taratibu, kama wageni wa harusi chakula kikiisha. Sharon naye akaondoka. Aliyebaki ni babu, kwenye kibaraza cha nyumba yao ya Igombe, ziwa likimeremeta nyuma yake, ameshika kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo Wahaya humpa mgeni. Anacheka, anaita, "Mama Alexander, njoo uchukue yako." Sauti ya Prudencia inajibu kutoka jikoni, "Nakuja." Hapo video inakatika.

Babu alishafariki, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

Tatizo lilikuwa kuingia. Akaunti ilikuwa ya babu, na ili ifunguke zilitakiwa namba zinazotumwa kwenye laini yake. Laini hiyo ilikaa bila kutumika baada ya msiba, ikapewa mtu mwingine. Sharon akaipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani mama, kuna namba zimeingia kwenye simu yako, naomba unisomee."

"Nilijua tu. Juzi mwenzako alijiita mjukuu wangu. Mimi hata mtoto sina."

Prudencia akaichukua simu. "Mwanangu, hiyo laini ilikuwa ya mume wangu, Baba Alexander."

"Leo mmekuja na bibi kabisa. Matapeli wa siku hizi mnajipanga."

Lakini hakukata, na Prudencia aliliona hilo. Yule mama akasema, "Mimi Moza, fundi cherehani, Kisesa, jirani na msikiti. Kama ni kweli, njooni. Tapeli haji kwa miguu yake."

Kesho yake wakaenda, kikapu cha kahawa kimefungwa kwenye kitenge. Moza alisogeza sare za shule alizokuwa akishona, akampa Prudencia kiti chake mwenyewe, yeye akakaa juu ya ndoo. Sharon alibaki nje akitafuta mtandao.

"Haya bibi, huyo mumeo jina lake nani?"

"Baba Alexander."

"Akina Baba Alexander wako wengi. Jina."

Prudencia aligeuka kumtazama Sharon, lakini mjukuu alikuwa barabarani, kanyanyua simu juu. Kwao Kamachumu alilelewa kwamba mke hatamki jina la mumewe. Maisha yote ya ndoa yao hakulitamka. Hata makaburini walilitamka wengine. Akashika ukingo wa kitenge.

"Rutashobya," alisema, kwa sauti ya chini.

Moza akaacha mkasi. "Mzee Rutashobya? Sasa jana mbona hukusema? Watu wake wananipigia mpaka leo. Yupo mmoja wa Bukoba, Rwehumbiza, ndiye aliyeniambia kwamba mzee alikuwa amefariki. Nikampa pole. Tangu hapo kila Krismasi ananipigia kunitakia heri, na mimi Mwislamu."

Prudencia alicheka hadi akafuta macho.

Sharon aliitwa, akaomba namba upya, na Moza akazisoma polepole, moja moja. Video ikaja, ikahifadhiwa kwenye simu ya bibi.

"Mama Alexander, njoo uchukue yako."

"Nakuja."

Ikakatika, ikaanza tena.

"Ulikwenda?" Moza aliuliza, amesimama nyuma ya kiti.

"Nilikuwa nageuza ndizi. Nilipofika alikuwa ameshaitafuna na yangu."

Akafungua kitenge, akamkaribisha Moza kwanza. Moza alichukua kahawa moja, akakunja uso kwa uchungu wake, akaendelea kutafuna kwa heshima. Prudencia aliiacha video ijirudie. Babu alipoita tena, alichukua yake, akaitia mdomoni kabla ile sauti ya jikoni haijajibu.